Nyonga ya Mama Mkwe

Nianze na jambo ambalo korti ilihitaji vikao sijui vingapi kulielewa: mimi niligongwa. Sikugonga mtu. Nilikuwa nimepunguza mwendo kwenye tuta, pale barabara ya kutoka Katito inapokaribia Ahero, wachuuzi wa nyanya wamekaa pande zote mbili, na gari kubwa jeupe lililokuwa likinifuata kutoka mbali likaja likaingia kwenye buti yangu. Ni hayo tu. Mtoto wa chekechea angeichora ajali hiyo na kuweka mshale mahali pake. Lakini wape watu wenye digrii jambo rahisi namna hiyo, na nyuma yao pawe na kampuni ya bima isiyotaka kufungua mfuko, watakuzungusha mpaka wewe mwenyewe uanze kujiuliza kama siku hiyo hukuwa ukiendesha kwa kurudi nyuma.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa mama mkwe wangu. Nilikuwa nimemchukua kwake, ndani ya Nyakach, kumleta mjini Kisumu amwone mjukuu aliyekuwa amezaliwa. Alikuja na gunia la viazi vitamu, njugu, na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye alikataa katakata kumweka kwenye buti. Kuku akakaa mapajani mwake. Ukiangalia yaliyoipata buti, kuku yule ana bahati ya pekee katika kisa hiki.

Mimi natoka upande wa Kakamega, mke wangu Nyakach, na kuna mengi ambayo watu wetu hawajawahi kukubaliana, kuanzia namna ya kupika samaki mpaka nani anafaa kutawala nchi. Kuhusu mama mkwe hatuna ubishi. Unamwogopa. Hamkai kiti kimoja wala hamli meza moja. Mkono ukitolewa unatolewa kwa ncha za vidole, macho chini. Na habari za mwili wake, kwamba ana mgongo, ana magoti, kwamba naye huenda choo kama binadamu wengine, hizo mkwe mwanamume hazijui, hajazisikia, na akizisikia hukohoa na kutoka nje kuangalia ng'ombe hata kama boma halina ng'ombe.

Basi alikaa nyuma, na akakaa nyuma yangu kabisa ili nikigeuza shingo nisimwone. Tatizo likawa kile kioo cha ndani kinachoning'inia juu ya dereva. Ukiinua macho kidogo tu, unakutana na macho ya mama mkwe, mnaangaliana kama wachumba. Lo! Hata kabla hatujafika lami nilikuwa nimeshakigeuza kikatazama dari. Vioo vya pembeni vilikuwepo, viwili, vizima, na ndivyo nilivyovitumia safari nzima. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano. Nilitamani hata mtu apite anione.

Kishindo kilipokuja, kuku alirukia kiti cha mbele, ambako yeye hana mila inayomzuia. Mtu mwingine angetoka mbio, afungue mlango wa nyuma, amtoe mama. Mimi nilitoka mbio, sawa, halafu nikasimama nikiwa nimeupa mlango huo mgongo na kuanza kuwaita akina mama wa nyanya. Nimshike kwapani? Nimvute miguu? Afadhali nigongwe tena. Walikuja wale akina mama wakamtoa, mimi nikiangalia mashamba ya mpunga kana kwamba nimekuja kuyanunua. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno, mara moja tu. Kisha nikamsikia akisema kwa Kijaluo kwamba yuko sawa, ashikiwe kuku.

Mwenye gari jeupe alishuka simu ikiwa bado sikioni. Suti, viatu vya ncha, na tumbo la mtu ambaye mikutano yake yote ina chai. Aliitazama buti yangu iliyokuwa imejikunja mpaka karibu na kiti, akaitazama boneti yake iliyokwaruzika kidogo, akamwambia yule aliyekuwa kwenye simu, "Ngoja kidogo, kuna mtu amenigonga na nyuma yake." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka. Kumbe huo ndio uliokuwa utetezi wake, na watu wake waliubeba vivyo hivyo mpaka kortini, ila njiani waliuvalisha tai.

Watu wakajaa. Barabara zetu zina utajiri huo: gari likikohoa, umati uko tayari. Kijana wa boda boda niliyemwona kwa macho yangu akitafuna muhindi ng'ambo ya barabara alivuka, akalala kando ya gari langu na kuanza kulia mguu. Mwingine aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama kiti changu cha nyuma bado kina nafasi ya majeruhi. Na kabla polisi hawajafika alikuwa amefika dalali, mmoja wa wale wanaokusanya walioumia na kuwapelekea mawakili kama watu wanaopeleka maziwa. Akanishauri nishike shingo. Nikamwambia shingo yangu haina neno. Akasema hilo ndilo jambo zuri la shingo, haionekani kwenye eksirei. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sidanganyi. Aliniangalia kwa huruma ya kweli, kisha akaenda kumhudumia yule wa mguu.

Kwa hivyo pale barabarani wazima walikuwa wakilia, na mtu mmoja aliyeumia kwelikweli alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, kuku mapajani, akimwambia kila anayemuuliza kwamba yuko sawa. Polisi walipokuja walipima, wakapiga picha, wakaandika. Nikampeleka mama hospitali ili tu nisije nikalaumiwa.

Huko hospitalini daktari kijana alimvutia pazia, akamuuliza anaumia wapi. Nami, kwa kutaka kuonyesha namjali, nilisimama karibu, upande wa pili wa pazia. Pazia za hospitali haziteremki mpaka chini. Mama aliviona viatu vyangu. Haya nilikuja kuambiwa na mke wangu baadaye sana. Alipoviona viatu vyangu akasema, mkono. Na kweli mkono ulikuwa na mchubuko. Daktari akaandika mkono, akampaka dawa na kumpa vidonge, tukaenda nyumbani.

Tunaishi Manyatta, kwenye ghorofa, ngazi zake nyembamba na hazina pa kushika. Mimi hutoka asubuhi mapema kwenda shule, narudi jioni, na kila niliporudi nilimkuta mama ameketi. Ameketi na mtoto. Ameketi na sinia la mchele. Ameketi tu. Nilimsifu kwa mke wangu, nikasema mama yako ana utulivu ambao wanawake wa siku hizi wameukosa. Utulivu! Mama alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta, na hakutaka nione jinsi anavyosimama.

Siku moja mke wangu alirudi ghafla kutoka sokoni akamkuta akishuka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, beseni la nguo za mtoto mapajani. Alilia, mke wangu. Mama hakulia, alimwomba tu asiniambie. Bila shaka niliambiwa. Eksirei ikapigwa, na ikaonyesha kwamba mfupa wa nyonga ulipasuka siku ile ya ajali, na kwamba muda wote huo alikuwa akiutembelea, mfupa ukawa umeunga vibaya. Daktari huyu wa pili, mtu mzima, alisema lingesemwa siku ya kwanza lingetibika kwa kulala na kuangaliwa. Sasa palihitajika upasuaji. Bila upasuaji hatainama tena shambani, baadaye itakuwa fimbo, na baada ya fimbo ni kiti.

Upasuaji huo haukuwa wa mfuko wa mwalimu, wala wa mke wa mwalimu anayeuza nguo za watoto. Kwa hivyo mnielewe vizuri: tulipokwenda kortini hatukwenda kutafuta utajiri, kama wengine walivyosema pale mtaani. Tulikwenda kutafuta nyonga. Fidia ikitoka, mama anainama kwenye shamba lake. Isipotoka, hainami.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana bila huo kesi ingekuwa fupi. Kampuni ya bima ya yule bwana ilimtuma mpelelezi. Nilimtarajia mtu mkali. Nikaletewa baba mmoja mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akanikuta kwenye kantini ya shule na kuninunulia soda na mandazi. Alisema naye ana mama mkwe. Alisema dunia imeharibika, vijana wanawakumbatia wakwe zao kwenye harusi mchana kweupe. Nani atakataa kuzungumza na mtu kama huyo? Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye kioo nilimsimulia kwa madaha, nikamwonyesha kwa mkono jinsi nilivyokigeuza. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hiyo ni heshima kubwa sana, mwalimu," alisema, akaandika.

Jibu lao kortini lilipokuja, heshima yangu ilikuwa humo, imepigwa chapa. Ati mwalimu alifunga breki ghafla, na alifanya hivyo akiwa haoni nyuma kwa sababu alikuwa amekigeuza kioo kwa makusudi, kwa hivyo ajali ni yake. Na kwa upande wa mama, walisema hawaoni cha kumlipa ni nini, kwani siku ile ile mwenyewe alimwambia daktari anaumia mkono, na mkono umepona. Wakaomba nami niingizwe kwenye kesi, ili fidia ikitoka, sehemu yake niilipe mimi, ambaye mshahara wangu huwa na wenyewe kabla haujafika. Mama mkwe akawa mlalamishi, na mimi, kwenye karatasi, nikawa mmoja wa wanaolalamikiwa. Mila zetu mbili, pamoja na wingi wa makatazo yake, hazikuwa zimeifikiria hali hiyo.

Siku ya kusikizwa, mama alivaa gauni la kanisa na leso mpya. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtulivu, asiyeinua sauti. Wakili wetu alikuwa mzee mwenye ofisi juu ya duka la mbegu, na alikuwa amekaa na mama mara kadhaa akimweleza: mama, ukiulizwa unaumia wapi, sema nyonga, sema yote. Kule ofisini mama alisema yote. Mimi sikuwepo. Wakili akatuambia mama huyu ni shahidi mzuri kupindukia, hana wasiwasi naye.

Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana aliyekuja na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi, mwenye tabasamu la kuuza simu. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kesi, nilikuwa nimeketi mle mle ndani, kiti cha mbele. Mama alisimama kizimbani, karani akitafsiri Kijaluo. Wakili wetu akamuuliza kwa upole anaumia wapi tangu siku ile. Mama akanitupia jicho. Halikuwa jicho la kuomba msaada. Lilikuwa lile la kuhakikisha kama mvua bado inanyesha. Akasema, "Ni mkono. Lakini umepona, asante kwa kuuliza."

Wakili wetu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kama hakuna mahali pengine popote, mama afikirie vizuri, asiwe na haraka. Mama akafikiria. Akasema Mungu ni mwema. Ripoti ya daktari wa pili ilikuwa pale mezani na picha zake, lakini ripoti itafanya nini kama mwenye nyonga anaikana? Yule kijana wa Nairobi alisimama na kusema hana swali kwa mama, anamshukuru sana, na kweli alionekana kushukuru kutoka moyoni. Mama akarudi kwenye benchi. Alikaa upande mmoja, uzito wote kwenye ubavu wa kushoto, kama alivyokuwa akikaa kwangu miezi yote hiyo huku mimi nikisifu utulivu.

Kisha nikaitwa mimi. Kijana aliniamkia kwa heshima zote, akaniuliza siku hiyo kioo changu cha ndani kilikuwa kinatazama wapi.

"Juu," nikasema.

"Juu wapi, mwalimu?"

"Kwenye dari."

"Na kwenye dari ulikuwa unatafuta nini?"

"Heshima," nikasema, na korti nzima ikacheka, mpaka askari wa mlangoni.

Alinichezea kwa muda. Aliniuliza kama kitabu cha sheria za barabara kina sura ya wakwe. Aliniuliza kama baada ya ajali nilimtoa mama garini. Nikasema hapana. Kama nilimshika. Hapana. Kama hata nilimtazama. Hapana. Basi, akasema akimgeukia hakimu, hata mkwe wake mwenyewe aliona hakuna aliyeumia, alisimama pembeni akiangalia mpunga. Nilikuwa nimemsimulia na hilo la mpunga yule mtu wa mandazi. Soda moja, jamani.

Alipoketi, hakimu aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimeshageuka kushuka. Nikamwona mama pale benchini, mkono wake unasukuma ubao ili ajiinue kidogo, uso umetulia kama picha ya kitambulisho. Hasira ikanipanda. Nilimkasirikia yule kijana na bima yake, sawa, lakini zaidi nilimkasirikia mama, aliyekuwa tayari kurudi Nyakach akiwa kilema mradi tu nisisikie neno moja. Nikajikasirikia na viatu vyangu.

"Mheshimiwa, huyu mama anadanganya," nikasema. "Mkono wake hauna shida. Nyonga yake imepasuka. Nyumbani kwangu hushuka ngazi kwa makalio. Kwenda choo hushikwa na binti yake, na akigeuka kitandani anauma mto ili nisisikie, lakini ukuta wetu ni mwembamba, nasikia. Anasema mkono kwa sababu mimi niko hapa. Mbele yangu atasema mkono mpaka afe."

Karani alikuwa akinitafsiria kwa mama sentensi kwa sentensi. Alipofika kwenye makalio alinyamaza. Hakimu akamwambia aendelee. Akasema, samahani mheshimiwa, yeye naye ni mkwe wa watu. Lakini hapakuhitajika tafsiri. Mama anajua Kiswahili vya kutosha. Alikuwa ameivuta leso, amejifunika uso wote. Sijawahi kujisikia mchafu namna ile, na sikujuta.

Hakimu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa nitoke nje. Nikatoka. Nilisimama kwenye ukumbi, mlango ukafungwa, na baada ya kitambo nikasikia sauti ya mama ndani. Maneno sikuyapata. Nilisikia tu kwamba inaendelea, na inaendelea, sauti ya mtu aliyenyamaza muda mrefu sana, ikipanda na kukatika na kupanda tena. Nilisogea mbali na mlango mpaka karibu na lango la kuingilia, nisije nikaonekana nasikiliza.

Jioni mke wangu aliniuliza swali ambalo bado linaniwasha. "Si ungesema tu unaenda choo?" alisema. Ningetoka dakika chache mama alipokuwa kizimbani, angesema yote, na heshima ingebaki mahali pake. Wakili wetu mwenye mvi zake hakuliwaza hilo. Mimi na diploma yangu sikuliwaza. Tulikuwa tumejiandaa kwa sheria yote ya nchi, na kilichohitajika ni mtu mmoja kwenda kukojoa.

Hukumu ilisomwa, na lazima niseme ilikuwa tamu. Hakimu alisema anayefuata gari jingine ndiye mwenye wajibu wa kuacha nafasi ya kutosha kusimama, na kwamba tuta lile halikuletwa barabarani siku hiyo. Alisema sheria inamtaka aliye nyuma aone mbele. Haimtaki aliye mbele aone nyuma ndipo asigongwe. Kuhusu kioo alisema ni mila isiyoshauriwa barabarani, lakini si kioo kilichomgonga mama. Kosa lote akalibandika kwa mwenye gari jeupe. Nyonga akaikubali, pamoja na gharama za upasuaji. Mke wangu alipiga kigelegele kwenye ukumbi akaambiwa anyamaze.

Mama hakupiga kigelegele. Tangu siku ile ya ushahidi wangu alikuwa amerudi kwake, na tulipompigia simu kumweleza alisema, "Vizuri," kisha akampa mtu mwingine simu.

Furaha yetu ilidumu mpaka barua ya rufaa ilipofika. Kampuni ya bima haikuridhika. Inataka korti kubwa zaidi iangalie upya kama mtu aliyegongwa kwa nyuma si yeye aliyegonga, na mpaka hilo lijulikane hailipi chochote. Wakili wetu alisema tusiwe na wasiwasi, rufaa yao ni dhaifu. Nikamuuliza rufaa dhaifu huchukua muda gani. Akasema inategemea. Nyonga haijui kutegemea. Kila tulipopiga simu hali ilikuwa mbaya zaidi, mpaka tukaambiwa sasa ametafutiwa fimbo.

Kesi ya pili ndiyo haikukawia. Baba zake wadogo mke wangu walikaa, wakaniita, na nilipofika hukumu ilikuwa tayari. Hakuna aliyebisha kwamba nilisema kweli. Ukweli haukuwa hoja. Mzee wao alisema nimemvua mama nguo mbele ya watu, kwa hivyo nije nimvishe: blanketi, na mbuzi wa kuondoa aibu. Nikajaribu kueleza kwamba bila maneno yangu nyonga isingekubaliwa. Wakasema wanalijua hilo, wananishukuru sana, na mbuzi awe jike. Hapakuwa na wakili, hapakuwa na rufaa, na hakuna aliyesema inategemea. Kwa hivyo katika ajali yote hii, mpaka leo ninapoandika, mtu pekee aliyelipa fidia ni mimi niliyegongwa.

Buti yangu bado haifungi. Nimeifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mbuzi alisafiri kiti cha nyuma, pamoja na mke wangu na mtoto, akitafuna kona ya blanketi tangu Ahero. Mbuzi alipokelewa, akakaguliwa, akafungwa kwenye mti. Blanketi nililiweka juu ya kiti, nikarudi nyuma hatua chache, mama akalichukua kutoka kwenye kiti hicho bila kuniangalia, akalikunja vizuri kona iliyotafunwa ikawa ndani. Wazee wakasema yamekwisha. Tukapewa chai, mimi nikanywea nje.

Tulipaswa kurudi naye Kisumu siku hiyo. Daktari alitaka amwone tena, aangalie kama angeweza kuvumilia mpaka rufaa iishe au kama itabidi tuuze kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, na mkono wangu ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye kile kioo cha ndani, nakigeuza kitazame dari. Mke wangu alikuwa amemfungulia mama mlango wa nyuma. Mama akaupita. Alikuja polepole, fimbo mkono mmoja, mwingine akijishikilia kwenye gari, wazee wakimtazama, akafungua mlango wa mbele na kujishusha kwenye kiti cha kando yangu, kidogo kidogo, bila kuficha jinsi kulivyomuuma. Mke wangu akaita, "Mama." Mzee mmoja akakohoa na kwenda kuangalia ng'ombe.

"Huko nyuma ndiko watu hugongwa," mama alisema.

Aliuvuta mkanda ukaja mpaka kifuani, lakini kuufunga kunataka ujipinde kiunoni, na kujipinda hakuwezi. Alijaribu mara moja. Kisha akanyoosha kile kichwa cha mkanda upande wangu, macho yake mbele, barabarani.

"Funga, Japuonj," alisema. Ndivyo anavyoniita, mwalimu, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu kortini.

Nikaupitisha mkanda juu ya nyonga yake, taratibu, nikaufunga. Halafu nikakirudisha kioo mahali pake, tukaondoka.